Marashi kwa Ajili ya Rahim

Ukitaka kumwambia wifi yangu Beya bei ya kitu, usimtajie dinari, mtajie maua. Amezaliwa hapa Nabeul katika nyumba ya wapika marashi, na tangu ana miaka saba hesabu zake zote ni za wazna, kipimo chetu cha maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, yaani kapu moja la kubeba kiunoni. Siku wazee walipokuja kumposa kwa ajili ya marehemu mumewe, mfinyanzi mpole asiyejua kupandisha sauti, mahari ikatajwa sebuleni, naye nyuma ya pazia akaninong'oneza, "Hedia, hizo ni wazna kumi na mbili tu! Na mwaka huu maua tele!" Nilicheka hadi mama mkwe akanifinya.

Mimi nimeolewa na kaka yake, Mukhtar. Mawifi mnawajua. Miaka thelathini na mitano tunagombana: chumvi, watoto wangu, ninavyofua mimi, anavyojifunga kitambaa yeye. Haupiti mwezi hajaniita mvivu nami sijamwita kichwa cha punda. Na sina mtu duniani ninayempenda kama yeye, basi, nimesema.

Ana hamsini na nane sasa. Mfupi, mpana, mkono wa kulia una kovu la mvuke kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hakujaliwa mtoto. Mume alipofariki alimwachia ua mpana na tanuri la vyungu lililopoa, na ni katika ua huo Beya anapika maua kila Machi na Aprili. Kazi anaifanya polepole na haipendi pupa. Maua huyatandaza kivulini juu ya shuka nyeupe, huchambua majani na nyuki waliozubaa, huyatia kwenye mtambo wa kugeuza mvuke kuwa marashi, huziba viungo kwa kitambaa na unga uliokandwa, kisha hukaa na kubadilisha maji ya kupozea ya juu kila yanapopata moto. Ukimsemesha wakati huo atakujibu baada ya robo saa, na wewe ulishasahau ulichouliza. Mtambo wenyewe, ule wa shaba, haukuwa wake. Ni wa mama mkwe wangu, Bibi Mannubia, aliyerithi kwa mama yake, na anaupenda kuliko anavyotupenda sisi wakwe.

Sasa nimtaje Shadlia. Alikuwa mdogo wake Beya, kitinda mimba, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa tatu. Alikufa miaka kumi iliyopita akiwa na miaka arobaini na mmoja, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Mimi nalitamka hapa kwa kuwa nimeshazoea, lakini kwetu jina hilo halitamkwi. Tunasema "lile gonjwa baya" na tunatema mate pembeni. Msibani Bibi Mannubia aliwaambia watu ni moyo. Moyo! Moyo wa Shadlia ulikuwa mzima kama wa ndama. Lakini mama kasema moyo, mtaa mzima ukasema moyo, na miaka tisa nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kusema vingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hata kilio tulikidanganya.

Mwaka juzi alikuja daktari mwanamke kutoka Tunis, jina lake Olfa, akatukusanya wanawake katika ukumbi wa zahanati. Alisema yeye na wenzake wanafanya utafiti wa kipimo: kijiti chenye pamba, mwanamke anajichukulia mwenyewe nyumbani kwake, mlango umefungwa, hakuna wa kumchungulia, kisha kinapelekwa maabara. Gonjwa hili huchukua miaka kujijenga, akasema, na likigunduliwa mapema huondolewa. Walitaka kujua kama wanawake wa mji kama wetu, ambao kitanda cha daktari hawakipandi hata kwa dawa, watakubali kijiti hicho, na kama majibu yake yataaminika. Ila fedha zilikuwa zimepungua, na Nabeul ilikuwa imeondolewa kwenye mpango.

Ukumbi mzima ukainamisha macho, kila mtu anakagua viatu vyake. Beya akanyoosha mkono.

"Binti yangu, hizo zilizopungua ni wazna ngapi?"

Daktari akamtazama, hakuelewa kitu. Ikabidi mimi nisimame kutafsiri, Kiarabu kwa Kiarabu.

Tulipotoka nje akaniambia, "Maua ya msimu ujao, yote, ni ya hicho kijiti."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakula kwako."

Kwa mama yake alisema marashi ya mwaka huu ni kwa ajili ya wagonjwa. Bibi Mannubia akajibu sadaka haikataliwi, akautoa mtambo. Nami nikapewa kazi ya kuandika karatasi ya kupeleka kwa Sadok mpiga chapa atutengenezee lebo. Niliandika kama Beya alivyonitamkia, neno kwa neno: "Kwa utafiti wa saratani ya shingo ya rahim."

Rahim kwetu ni neno moja lenye kazi mbili. Ni kizazi, kile alichonacho mwanamke tumboni. Na ni udugu wa damu, wa waliotoka tumbo moja. Ukimtembelea shangazi yako, umeunga rahim. Ukimnunia, umekata rahim, na dhambi yake hakuna asiyeijua.

Sadok ni mtu wa haya nyingi na ujuaji mwingi zaidi. Kaisoma ile karatasi, jasho likamtoka. Saratani akaifuta, kwani nani atanunua marashi yenye jina hilo? Shingo akaifuta pia, hakuona inatafuta nini pale. Utafiti nao ukaenda na maji. Ikabaki "Kwa ajili ya rahim." Na ili kutupendezesha, akaongeza kwa hiari yake picha ya mikono miwili imeshikana.

Beya alikuwa motoni, miwani imejaa mvuke. Aliyebandika lebo ni mimi. Niliona. Nikasema moyoni, Sadok, Mungu akuweke, nikanyamaza.

Lo, yalivyokwenda marashi yale! Ndugu wawili wa mtaa wa wafinyanzi, waliokuwa hawasalimiani tangu udongo wa kaburi la baba yao haujakauka, walipelekeana chupa siku moja, kila mmoja akadai yeye ndiye aliyetangulia, nusura wagombane upya. Mama mmoja alinunua nne, moja kwa kila mke wa wanawe, "na ya huyu wa tatu nipeni ile ndogo." Wanaume ambao marashi wanayajua kwenye kahawa tu walipanga foleni mlangoni.

Beya akawa anashangaa. "Hedia, mimi nilidhani wataona haya! Kumbe tumewadharau watu wetu bure."

Aliposema vile roho ilinisuta, nakiri. Nikabandika nyingine.

Asubuhi moja akaja Haji Amara. Ni mzee mwenye shamba la midanzi nje ya mji, mtu mzito wa heshima, hacheki ovyo. Alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Beya mwanangu, mimi na kaka yangu tulikuwa hatuzungumzi miaka kumi na minne, kwa ajili ya kisima. Nimempelekea chupa yako. Jana tumekula sahani moja. Nataka nitoe mchango mkubwa kwa hii kazi yako."

"Mungu akulipe, Haji. Kazi ipi ya kisima?"

"Hii ya kupatanisha ndugu."

"Kupatanisha ndugu?"

"Si ndivyo mlivyoandika?"

Beya akachukua chupa, akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akasoma akifuata kwa kidole. Alisoma miaka mitatu tu utotoni, lakini maneno yalikuwa manne tu. Akanitazama. Mimi nikatazama paa la jirani.

"Hedia."

"Naam, wifi."

"Ulijua?"

"Sadok ndiye aliye…"

"Sijakuuliza Sadok. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akamgeukia mzee. "Haji, nisamehe sana. Rahim hii si ile. Ni kizazi cha mwanamke, hapo kwenye shingo yake. Kuna saratani ya mahali hapo, na kuna madaktari wanaitafutia kipimo. Marashi haya ni ya kuwachangia. Mdogo wangu Shadlia alikufa nayo."

Uso wa Haji Amara ukawa pilipili. Akasema astaghafirullah mara tatu, akaanza kuitafuta kofia yake, na kofia iko kichwani. Akaondoka.

"Umefurahi sasa?" nilifoka. Nilikuwa na hasira, na zaidi kwa kuwa kosa lilikuwa langu. "Mzee wa watu kaja na fedha mkononi! Kilichokuwasha ulimi ni nini? Nusu ya vile vijiti vimeondoka na huyo!"

"Tulimzika Shadlia na jina lisilo lake," Beya alisema. "Mimi sirudii."

Habari haikungoja adhuhuri. Bibi Mannubia anaishi kwetu, na nilipofika nyumbani nilimkuta amesimama katikati ya ua, bakora mkononi.

"Amesimama mlangoni, mbele ya mwanamume, akaanika mwili wa dada yake? Shadlia wangu? Mukhtar! Nenda kaniletee mtambo wangu!"

"Mama, mtambo una maua ndani yake saa hizi," mume wangu alijaribu.

"Yamwage!"

Mukhtar ana miaka sitini, mvi tupu, na mama yake akikohoa yeye anasimama wima. Alikwenda. Alisubiri tu maji yale yamalize kutoka, na huo ndio ushujaa wake wote wa mwaka ule. Nilifuatana naye. Beya hakubisha. Aliusugua mtambo kwa ndimu na majivu mpaka ukawaka, akaufunga katika blanketi, akaupandisha mwenyewe kwenye mkokoteni. Ulipokata kona akakaa chini kwenye maua akalia. Sijawahi kumwona akilia vile, hata kwa mumewe.

"Nimebaki na mama na kaka tu, Hedia. Nikimkosa mama, rahim yangu mimi iko wapi?"

"Basi kamwombe radhi. Mwambie umeacha."

"Siwezi kuacha. Na siwezi kumkosa. Niambie wewe mwenye akili nifanye lipi."

Nikaanza kuokota maua.

Basi zikaanza wiki tano ambazo siwatakii hata maadui. Kila Ijumaa Beya alikuja kula kwetu kama kawaida, maana hakuwa mtu wa kususa, akakaa kwenye mkeka uleule, mbele ya sinia lilelile la kuskusi, na mama yake akajifanya hamwoni.

"Hedia, mwambie huyo mgeni asogeze mguu."

"Wifi, mama anasema…"

"Nimesikia. Mwambie mama malenge yameiva vizuri."

"Mama, Beya anasema…"

"Mwambie sili maneno."

Mimi katikati kama waya wa simu! Siku moja nikasusa mimi, nikawaambia watafute mtumwa mwingine, nikaenda kula jikoni. Kimya kilichobaki kule ndani kilinirudisha kabla sijamaliza tonge la pili. Mama mkwe alikuwa amekonda. Yule bibi wa kutukana paka na majirani akawa anakaa dirishani mchana kutwa, tasbihi mkononi, hazungushi.

Maua hayangoji ugomvi wa mtu, yakilala siku mbili yanakuwa kahawia. Beya alitoa stoo chungu cha udongo alichokifinyanga mumewe enzi hizo, akakitafutia kifuniko, akaziba kwa unga, kikavuja. Akaziba tena, kikavuja kwingine. Alipata nusu ya maji aliyozoea. Na lebo mpya niliandika mimi kwa mkono, kila chupa, maneno yote, saratani na shingo na utafiti. Hiyo ilikuwa adhabu yangu, na alinisimamia kama mwalimu.

Foleni ya wanaume ikayeyuka. Waliokuja kurudisha chupa walikuja. Beya aliwarudishia fedha zao bila kununa. Lakini wakaanza kuja wanawake kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja. Mke wa Haji Amara alikuwa wa kwanza. Alinunua chupa tatu, akazificha chini ya mtandio, kisha akauliza, macho ameyaelekeza ukutani, "Hicho kijiti… mtu wa umri wangu naye anaruhusiwa?" Fedha hazikutimia mwaka ule, tulimalize hilo mapema. Zilitosha kwa mtaa wetu na mtaa wa jirani, na Daktari Olfa alikubali kuanzia hapo.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili maua yalikuwa yamekwisha mitini. Beya alipanga chupa zake za mwisho juu ya meza pale uwanjani wanapouzia maua, kati ya wauza vikapu na wauza pilipili za kusaga. Nilikuwa najiandaa kwenda kumsaidia, Bibi Mannubia akatoka chumbani, amevaa nguo za kutokea.

"Nipe mkono. Twende sokoni."

"Mama, jua kali. Unataka nini nikuletee?"

"Nimekuambia nipe mkono."

Yarabi, nikasema, leo tutaaibika mbele ya kadamnasi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumtuliza. Bakora yake ilikuwa inagonga mawe.

Tulipofika, mezani palikuwa na mwanamke mmoja nadhifu, miwani ya jua, mgeni wa kutoka mji mkuu. Alikuwa ameshika chupa, anakinusa kizibo, anatabasamu. Kisha akasoma lebo. Akairudisha mezani upesi, akafuta vidole.

"Jamani, marashi mazuri hivi mnayaandikia gonjwa? Nitaiweka vipi hii mbele ya kahawa ya wageni?"

Beya alituona nyuma ya mgeni huyo.

Mama mkwe akaniachia mkono. "Isome vizuri, binti," alisema. "Hiyo ni saratani ya shingo ya kizazi. Mwanangu Shadlia alikufa nayo. Niliwaambia watu ni moyo. Nilisema uongo."

Muuza pilipili aliacha kupima. Watu wetu hawajifanyi hawasikii, walisogea. Bibi Mannubia hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Beya, na kwa mara ya kwanza katika wiki tano alisema naye bila kupitia kwangu.

"Aliniambia mimi kwanza. Kabla ya mumewe, kabla yako. Alikuwa anatokwa damu isiyo na siku zake. Nikamwambia nyamaza, mwanamke hasemi hayo, oga, funga nguo, nyamaza. Akanyamaza miezi minane, Beya. Kwa sababu mimi nilimwambia."

"Najua, mama."

"Unajua nini wewe?"

"Aliniambia. Kule hospitali, Tunis. Akanisihi usije ukajua kwamba najua."

Mama mkwe alishika ukingo wa meza, chupa zikagongana. Nilisogea kumdaka, akanisukuma.

"Miaka tisa unanibusu mkono kila Idi, na unajua?"

"Ni mkono wako, mama," Beya alisema. "Nibusu wa nani?"

Machozi yalinitoka hadharani kati ya vikapu. Yule mgeni alivua miwani yake, akauliza bei kwa sauti ndogo, hakuna aliyemjibu, akaacha noti mezani, akaondoka na chupa yake taratibu.

Bibi Mannubia alizunguka meza kwa miguu yake mibovu. Alivuta kreti tupu, akakaa ubavuni mwa bintiye, bega kwa bega, wote wawili wanatazama mbele kama waliogombana jana tu. Akanyoosha mtandio. Akazipanga upya chupa zilizosogea, akizigeuza moja moja mpaka maneno yakawaelekea wapita njia. Kijana wa kike akasimama, mtoto mgongoni, akauliza marashi haya ni kwa ajili ya nini. Beya alivuta pumzi ajibu, lakini mama yake alimwahi.